Nani Amwendeaye Mwanamke Kifungoni?

Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 8, mna habari za Sauli alivyolitesa kanisa kabla ya kuitwa. Luka, aliyeiandika habari hiyo, hakusema ya kuwa waliotiwa gerezani walikuwa wanaume tu. Aliwataja na wanawake. Neno hilo tumelisoma mara nyingi katika ibada, wala hatukusimama hapo. Maana mtu akitaja gereza, sisi sote humwona mwanamume moyoni mwetu, na mwanamke twamwona amesimama nje ya lango na kikapu kichwani.

Mwezi huu twataka kusimama hapo kidogo. Si jambo ambalo ni desturi kulitaja katika vyama vya akina mama, na pengine wengine wataona si la kusomwa mbele ya watoto. Hata hivyo twaomba walimu wa mitaa walisome na wazee wao, hata kama ni baada ya ibada, watoto wakiisha kwenda nyumbani.

Wale waliopata kwenda kuwaangalia wafungwa siku ya kuzuru wajua jinsi palivyo langoni. Walio wengi pale ni wanawake: wake, mama na dada, kila mmoja na sabuni yake na chakula chake, wamepanda basi tangu alfajiri ili wamwone mume au mwana kwa dakika chache. Lakini mwanamke aliye ndani, ni nani anayekuja kwake? Mama yake, kama angali hai, tena kama amepata nauli. Pengine dada yake. Mume wake, mara chache sana.

Tutasimulia habari moja ya milima hii. Jina la mtu na jina la mtaa tutayaacha, kwa kuwa aliyekosa zaidi katika habari hii si yeye aliyefungwa.

Mwanamke mmoja, mshiriki wa meza ya Bwana, alikuwa akipika pombe ya moshi, ile iitwayo gongo, nyuma ya nyumba yake. Alijua ya kuwa ni haramu kwa sheria ya nchi, wala hatumtetei katika hilo. Fedha aliyoipata aliwanunulia watoto sare na madaftari. Alikamatwa, akapelekwa mahakamani, akatozwa faini, na asipoilipa, miezi sita kifungoni. Mume wake akasema hana kitu. Basi akaenda, na mtoto mchanga mgongoni, kwa sababu alikuwa bado ananyonya.

Mwaka ule ule mwanamume wa mtaa ule ule alifungwa kwa kupasua mbao katika msitu wa Serikali. Wazee wa kanisa walimwendea mara mbili. Siku ya Jumapili aliombewa kwa jina lake, na waimbaji wakachanga iliki, ikauzwa, mkewe akapewa fedha ya nauli. Yote hayo yalikuwa mema. Lakini yule mwanamke, baraza la wazee lilimwandika katika daftari pamoja na waliotengwa, kwa ajili ya pombe, kisha daftari likafungwa. Hakuna aliyemwendea. Hakuna aliyemtaja kanisani. Aliporudi, mtoto ambaye aliondoka akiwa mgongoni alikuwa akitembea, na jikoni mwake alimkuta mwanamke mwingine anapika. Akaenda kukaa kwa kaka yake, kijiji kingine.

Baadaye tulimwuliza mzee mmoja wa baraza lile sababu ya mambo hayo. Hakujitetea. Alisema, "Hatukuwa na neno baya juu yake. Hatukumkumbuka tu."

Neno hilo limetusumbua kuliko kama angalisema walimchukia.

Sasa tutazame jambo lenyewe kwa upana wake. Wanawake walio kifungoni ni wachache. Hesabu ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa ni zaidi ya 740,000, ndio watu kama 7 katika kila wafungwa 100. Na katika bara letu la Afrika sehemu yao ni ndogo kuliko hiyo. Lakini tangu mwaka 2000 hesabu yao ilikuwa imeongezeka karibu 60 katika mia, na wanaume hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mtu aweza kudhani ya kuwa uchache wao ni nafuu kwao. Sivyo. Kwa kuwa ni wachache, magereza yalijengwa kwa kumfikiri mwanamume, na mwanamke akatafutiwa pembe baadaye. Katika nchi yetu lipo gereza la wanawake la Kingolwira, karibu na Morogoro. Lakini mtu wa Mlalo au wa Bumbuli akifungwa huko, ndugu zake watasafiri kutwa nzima ili wamwone, na kurudi ni kutwa nyingine. Na akiwekwa karibu na kwao, mara nyingi atakuwa katika sehemu ndogo iliyokatwa ndani ya gereza la wanaume.

Mababu zetu hawakulijua gereza. Zamani za Wakilindi, mfalme alipokaa Vuga, kosa lililipwa kwa ng'ombe au kwa mbuzi, na kosa zito, kama la kuua, ukoo uliweza kulilipa kwa mtu. Naye aliyetolewa aliweza kuwa binti asiyejua lolote la kosa lile. Wadachi walipotawala walileta boma, mnyororo na kiboko. Mwaka 1896 Serikali yao ilitoa amri ya kuwa mwanamke asipigwe kiboko kwa hukumu. Wakati wa Waingereza, mwaka 1931, kazi ya magereza ilitengwa na kazi ya polisi, na ndipo Jeshi la Magereza lilipopata mwanzo wake. Wazee wa Mlalo bado husimulia sheria za matuta zilizoanza huko mwaka 1946, ambazo zilimtoza faini mkulima asiyezifuata. Na mkulima wa milima hii ni nani zaidi, kama si mwanamke?

Wala tusidhani ya kuwa kifungo huwapata watu wadogo tu. Bibi Titi Mohamed, aliyewaita wanawake wa nchi hii kuingia katika TANU, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 kwa shitaka la uhaini, akasamehewa mwaka 1972. Leo barabara kubwa katika Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake.

Tukiuliza ni makosa gani yanayowaingiza wanawake gerezani, twaona ya kuwa mengi yametoka jikoni na kitandani, yaani katika umaskini wa nyumba na katika mambo ya mume na mke. Sheria ya kukataza pombe ya moshi ni ya mwaka 1966. Aliyetozwa faini na anayo fedha, hurudi nyumbani jioni ile ile. Asiye nayo hufungwa. Basi wawili waliofanya kosa moja hawapati adhabu moja, na mwanamke ambaye shamba si lake wala ng'ombe si wake hana cha kuuza ili ajikomboe.

Liko na kosa lingine, na hilo twalitaja kwa uzito. Msichana huchukua mimba, akaificha kwa hofu, akazaa peke yake usiku, na asubuhi mtoto anaonekana amekufa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mpaka mwezi wa Novemba mwaka 2021 msichana mwenye mimba alifukuzwa katika shule za Serikali wala hakuruhusiwa kurudi baada ya kuzaa. Tena katika mitaa yetu mingi alisimamishwa mbele ya watu na kutengwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 199, imejua jambo ambalo watu wa kijiji hawalijui sikuzote. Mwanamke akimwua mtoto wake asiyetimiza miezi 12, na ikionekana ya kuwa akili zake zilikuwa zimetikisika kwa sababu hajapona sawasawa baada ya kuzaa, hahukumiwi kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ambalo adhabu yake ni kunyongwa; huhukumiwa kama mtu aliyeua bila kukusudia, na hapo hakimu aweza kupunguza kifungo kwa kadiri aonavyo haki. Yaani sheria yenyewe imekiri ya kuwa uko ugonjwa wa akili umpatao mwanamke aliyezaa. Sisi wa Usambara tusingepaswa kushangaa. Huko Lutindi, ambako mwanzoni watoto waliokombolewa utumwani walilelewa, wagonjwa wa akili wametunzwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kanisa lilijua tangu zamani ya kuwa akili huugua kama mwili unavyougua. Lakini msichana yule akikamatwa, ni nani atakayemweleza wakili au hakimu ya kuwa siku tatu kabla ya tendo lile alikuwa hali, halali, anasema peke yake? Ni jirani aliyeona. Naye jirani hunyamaza, kwa sababu hataki jina lake litajwe mahakamani.

Na mwanamume aliyempa mimba yuko wapi? Mwanamke aharibuye mimba yake aweza kufungwa miaka 7. Kwa mwanamume aliyeileta mimba ile na kuikana, hakuna kifungu, isipokuwa msichana akiwa hajatimiza miaka 18, au akiwa mwanafunzi. Hapo sheria ya elimu, kama ilivyogeuzwa mwaka 2016, yamhukumu miaka 30. Wasomaji wakumbuke habari za Tamari katika Mwanzo, mlango wa 38. Yuda alipoambiwa ya kuwa mkwewe ana mimba, alitoa hukumu ya moto mara moja, wala hakuuliza habari za mwanamume. Naye mwanamume alikuwa yeye mwenyewe.

Tuje kwa watoto. Mtoto anyonyaye huingia gerezani na mama yake, wala hana kosa. Walio wakubwa zaidi hubaki, na hapo ndipo nyumba huvunjika. Maana baba akifungwa, mama hubaki na watoto, lakini mama akifungwa, mara nyingi watoto hugawanywa, huyu kwa bibi, huyu kwa shangazi, na yule mkubwa aende mjini kutumika katika nyumba za watu. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto, uliofanywa mwaka 1990 na ambao nchi yetu imeuridhia, una kifungu cha 30 kwa ajili ya jambo hili tu: ya kuwa mama mwenye mimba au mwenye mtoto mchanga akipatikana na hatia, hakimu afikiri kwanza adhabu isiyo ya kifungo. Na mwezi wa Desemba mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni 70 za wafungwa wanawake, ziitwazo kwa jina la mji wa Bangkok. Humo imeandikwa ya kuwa mwanamke awekwe karibu na kwao iwezekanavyo. Apewe nafasi ya kupanga ni nani atakayewalea watoto wake kabla hajaingia. Apate maji, na vitambaa vya siku zake za mwezi bila kulipa. Asifungwe pingu wakati wa kuzaa. Na mtoto aliye naye asihesabiwe kuwa mfungwa. Tunaposoma ya kuwa mambo kama hayo yalihitaji kuandikwa, twajua ya kuwa mahali pengi hayakufanywa.

Katika nchi yetu iko njia, na twataka walimu wa mitaa waijue vizuri, maana nao wanayo sehemu katika njia hiyo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yampa hakimu uwezo wa kumwagiza mtu aliyekosa, ikiwa kifungo chake hakipiti miaka 3, afanye kazi ya faida kwa watu wote bila malipo, naye alale kwake. Lakini kabla ya kuagiza hivyo hakimu hutaka kujua habari za mtu huyo: anakaa wapi, ana watoto wangapi, majirani wasemaje. Afisa wa uangalizi huja kijijini kuuliza. Basi hapo mzee wa kanisa akisema, "Huyo hatumjui siku hizi," amemfunga kwa ulimi wake, hata kama hakukusudia. Kadhalika sheria ya mwaka 2017 ya msaada wa kisheria imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humsaidia maskini bila malipo. Inafaa kila mtaa ujue wa kwao anakaa wapi. Na Rais atoapo msamaha siku ya Uhuru au ya Muungano, mara nyingi wametajwa wanawake walioingia gerezani na mimba au na watoto. Mtu wa kuwapokea hao yafaa awe tayari kabla tangazo halijasomwa.

Tena tusisahau ya kuwa Lushoto ndipo palipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Vijana wetu wengi husoma huko. Siku moja msichana wa kijiji jirani aweza kuletwa mbele ya mmoja wao.

Sasa tutasimulia habari ya zamani kidogo, nayo yatuhusu sisi wa Usambara kuliko tunavyodhani. Katika nchi ya Uingereza, mwaka 1813, Bibi Elizabeth Fry aliingia katika gereza la Newgate mjini London, akawakuta wanawake na watoto wao wamesongamana katika uchafu. Tangu mwaka 1817 yeye na wenzake wakaanza kwenda mara kwa mara, wakiwafundisha kusoma na kushona. Na mwaka 1823 sheria ya Uingereza ikaamuru wafungwa wanawake walindwe na wanawake. Mchungaji mmoja Mdachi, Theodor Fliedner wa Kaiserswerth, alikuwa amesafiri kwenda Uholanzi na Uingereza kuombea fedha usharika wake uliokuwa maskini. Akaiona kazi ile. Aliporudi akaanza kuhubiri katika gereza la Düsseldorf, na mwaka 1826 akaanzisha chama cha kuwaangalia wafungwa.

Mwezi wa Septemba mwaka 1833 mwanamke aliyetoka kifungoni, jina lake Minna, alifika nyumbani kwa Fliedner, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kwenda. Mchungaji hakuwa na nyumba ya kumpa. Katika bustani kilikuwako kibanda kidogo cha kupumzikia wakati wa joto. Mkewe, Friederike, akamweka humo. Mchana akakaa chini, usiku akapanda ngazi akalala darini. Wakaja na wengine. Ikahitajiwa mtu wa kukaa nao, kisha wanawake wa kufundishwa kazi ya kuwatunza watu, na mwaka 1836 ikafunguliwa hospitali pamoja na nyumba ya mashemasi wa kike, ndio tunaowaita Masista. Kutoka Kaiserswerth kazi ikaenea mahali pengi. Mwaka 1869 Masista wa Kaiserswerth walianzisha nyumba ya Sarepta katika mji wa Bielefeld, mahali pa Betheli. Na kutoka Betheli wamisionari Johanssen na Wohlrab walikuja Mlalo mwaka 1891, na baada yao Masista waliofunga vidonda vya bibi zetu na kuwapokea watoto wao walipozaliwa.

Kwa hiyo Masista waliotujia hawakuanza katika hospitali wala katika shule. Walianza katika kibanda cha bustani, kwa sababu mwanamke mmoja ametoka gerezani na hakuna mtu aliyetaka kulala naye chini ya dari moja. Twashangaa ya kuwa habari hiyo haisimuliwi kwetu. Jina la Fliedner wengine wamelisikia. Jina la Minna halijulikani.

Tumekwisha kusema ya kuwa mzee yule wa baraza hakujitetea. Alifanya na jambo jingine. Aliipeleka habari ile kwa akina mama wa mtaa wake, nao wakakasirika sana, kwanza na baraza, kisha na nafsi zao. Wakamfuata yule mwanamke kwa kaka yake. Mara ya kwanza hakutoka ndani. Mara ya tatu alitoka, akaketi nao, akasema atarudi kanisani siku ile wazee watakaposoma jina lake na lao pamoja. Jambo hilo lilisumbua baraza kwa miezi mingi, wala hatuwezi kusema ya kuwa wote walikubali. Lakini walisoma.

Baada ya hayo akina mama wakamwuliza walio kifungoni wahitaji nini. Wao walidhani atasema chakula. Akasema sabuni, vitambaa, mafuta ya kumpaka mtoto, na sindano yenye uzi kama itaruhusiwa. Wakachanga. Wanne wakatumwa, wakashuka mpaka Muheza kwa gari la asubuhi, wakaendelea mpaka gerezani, wakafika jua limekuwa kali. Mlinzi wa lango akawauliza jina la mfungwa waliyemjia, maana ni lazima aandike kitabuni. Wakatazamana. Mkubwa wao akajibu, "Mwanangu, hatuna jina. Twamtaka yule ambaye tangu alipoletwa hajajiwa na mtu."

Mlinzi akaiweka kalamu chini. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Hao ni watatu."